Pini ya Masatu

Mwezi uliopita tulimzika Ticha Wambura kwao Butiama. Mimi siku hizi nakaa Musoma kwa binti yangu, kwa hiyo nilifika nimechelewa, jeneza limeshatolewa nje, nikapewa kiti cha plastiki chini ya turubai pamoja na wanawake wa rika langu. Baada ya maziko tukala. Nyuma yangu walikaa wanaume wa miaka arobaini hivi, sahani mapajani, simu moja wanapokezana. Nilidhani ni mpira. "Wameingia! Uwanja wa ndege wameshachukua." "Wewe nawe, jana si ulisema bado kilomita thelathini?" "Angalia ramani, baba, hiyo nyekundu yote ni wao." Hapo ndipo nikaelewa kwamba ni vita, ile ya majirani wawili huko magharibi yetu, ambayo hata redio ya binti yangu inaisema kila asubuhi. Mmoja akasema hao wengine wamekimbia mpaka wameacha viatu, na wenzake wakacheka, vinywa vimejaa wali. Nyama yangu ikanishinda. Niliifunika na kipande cha ugali nisionekane nadharau chakula cha msiba.

Kabla ya hapo, wakati wa wasifu wa marehemu, msemaji wa familia alikuwa amesema mengi mazuri juu ya Ticha, na yote ni kweli, sitaki kumpunguzia mtu aliyelala. Alifundisha miaka zaidi ya thelathini. Watoto wa watu aliwasomesha kwa mshahara wake, na sikuwahi kusikia kwamba alimgusa binti wa shule. Halafu msemaji akaongeza: "Na wakati wa vita ya Kagera, mzee wetu ndiye aliyewawezesha watu wa Bunda kuifuatilia vita ile. Kila mji uliochukuliwa, anauonyesha kwenye ramani. Na Fundi Rebeka yupo hapa, atashuhudia." Watu wakageuka. Nikasimama, nikasema, "Ni kweli, ramani ilikuwepo," nikakaa. Wakapiga makofi. Nilisema ukweli nusu, na nusu nyingine nimerudi nayo Musoma kwenye basi kama mtu aliyebeba samaki aliyeharibika kwenye mkoba. Ndiyo naiandika hapa. Mimi siyo mwandishi, shule yangu iliishia darasa la saba, na kumbukumbu yangu siiamini sana. Ninachoamini kidogo ni daftari. Mwaka ule nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja, na chini ya kila ukurasa niliandika mstari mmoja wa siku hiyo. Ninalo bado. Mahali ambapo daftari na mimi hatupatani, nitasema.

Chumba changu kilikuwa Bunda, kando ya barabara ya Mwanza. Bunda ya wakati huo ilikuwa maduka ya kuhesabu na soko, na upande wa Manyamanyama wote ulikuwa pamba tupu na nyumba moja moja. Kilikuwa chumba cha udongo, paa la bati, dirisha moja, na cherehani langu chini ya dirisha hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa kujitegemea, na nilikuwa na redio. Redio hiyo ndiyo iliyoleta watu. Betri zilikuwa shida, kama sabuni, kama sukari, kama kila kitu mwaka ule. Asubuhi nilikuwa nazianika juani kwenye ungo ili zipate nguvu ya taarifa ya saa kumi. Saa tisa na nusu Ticha alikuwa anafika kutoka shuleni, vumbi la chaki kwenye nywele, anakaa kwenye kiti cha wateja. Baada yake anafika Magoti, mwenye bucha ya jirani, mtu mnene mwenye sauti, anakaa kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Magoti alikuwa ananiita shemeji bila sababu yoyote. "Shemeji," anasema akiingia, "leo tunamfukuza nduli mpaka wapi?" Nduli ndilo jina ambalo redio ilimpa yule mkubwa wa Uganda aliyevuka na kuingia kwetu Kagera. Tulilipenda jina hilo. Unaweza kulitema.

Ramani ilikuwa wazo la Ticha, lakini kazi ilikuwa yangu. Alileta atlasi ya shule, nami nikachukua yadi mbili za marekani, kile kitambaa cheupe kizito, nikachora kwa chaki, nikashona. Nilianza na ziwa kwa sababu ziwa nalijua, uzi wa bluu. Mpaka nikaupitisha kwa uzi mweusi, mishono mirefu. Mto Kagera, Kyaka, Mutukula, Masaka, Kampala. Nilitaka kuendelea juu lakini Ticha akasema, "Inatosha, binti. Huko hatutafika." Kwa hiyo nikapinda pindo kidogo tu juu ya Kampala. Tukakitundika ukutani, na majeshi yetu yakawa pini za kushonea zenye vijitambaa vyekundu. Lazima niseme kwamba ilikuwa kazi nzuri. Watu walikuja kutoka sokoni kuiangalia tu. Sijashona kitu kingine maishani ambacho kilisifiwa vile, na nadhani sehemu ya ubaya wote ilianzia hapo, kwenye kusifiwa.

Mama Masatu alianza kuja mwishoni mwa mwaka. Alikuwa mama wa ziwani, kutoka Guta, anauza samaki hapo sokoni mara mbili kwa wiki. Mrefu, mkimya, mguu mmoja akiuvuta kidogo. Mwanae, Masatu, alikuwa ameondoka na mgambo waliochukuliwa kwa malori mara tu nchi ilipovamiwa, na barua yake ilikuwa imefika moja tu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na beseni kichwani mpaka taarifa ikaisha. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, walimu. Mtoto wangu yuko wapi hapo?"

Ticha akaanza kumweleza kwamba redio haitaji mtu mmoja mmoja, inasema majeshi. Alieleza vizuri, kama darasani. Mama akasikiliza, akasema, "Ndiyo. Lakini yeye yuko wapi?" Magoti ndiye akacheka, akaweka kidole Kyaka, kando ya mto. "Mama Masatu, huyu hapa! Unamwona? Anaoga." Magoti alisema, lakini mimi ndiye niliyechoma. Nilikata kijitambaa cha kitenge cha kijani, nikakichoma pini pale Kyaka, ili tu yule mama ashushe beseni kichwani. Akakiangalia muda mrefu sana. Halafu akashusha beseni, akatoa ningu wawili, samaki wa ziwani wa kukausha, akawaviringisha kwenye gazeti, akawaweka juu ya cherehani. "Mumwangalie," akasema.

Ikawa ndivyo. Siku za soko anakujaga na samaki, sisi tunamwambia Masatu yuko wapi. Sijui nieleze vipi ile milo. Nilipika hapo hapo kwenye jiko la mkaa nyuma ya mlango, nyanya na ndimu, ugali wa mtama kwa sababu mahindi yalikuwa shida, na tunakula huku redio inapiga ngoma za kijeshi kabla ya taarifa. Magoti alikuwa anaonyesha kwa kidole hicho hicho anacholia ugali. "Hapa tutawapita kwa nyuma, hapa tutawabana." Ndiyo maana ramani yangu ilikuwa na alama za mafuta ya samaki; ukiangalia unaona wapi Magoti alipigana zaidi. Tulikuwa tunasema "tumeua", "tumeteka". Mimi pia nilisema. Siku moja redio ilitaja maiti zilizoachwa barabarani, na Magoti akauliza, "Sasa hao fisi wa kule wanashiba au wanasaza?" na daftari langu limeandika: *Magoti katuchekesha sana leo.* Mimi sikumbuki kwamba nilicheka. Daftari linasema nilicheka. Naliamini daftari.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Musoma kutafuta uzi. Watu walikuwa wamepaka mabati yao tope na kuyafunika na majani ili yasing'ae, ndege za adui zisiyaone, na mama mmoja niliyelala kwake alikuwa anawaita wanae ndani kila aliposikia lori. Niliporudi Bunda nikawasimulia wenzangu. Magoti akasema, "Watu wa Musoma waoga." Sisi Bunda tulikuwa na handaki moja shuleni, kuku walikuwa wanataga humo.

Huko Guta mambo yalikuwa mengine. Masatu hakuwa ameandika tena, wakati vijana wengine wa kijiji walikuwa wanaandika. Baba zake wadogo wakaanza kusema kwamba amekufa. Kwao, mtu akifa mbali, na mwili wake usirudi, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo aliyoiacha, ukalazwa kaburini kama yeye, ukaliliwa. Bila hivyo hana pa kulala; anazungukazunguka, na mama yake haruhusiwi hata kunyoa nywele na kumlilia. Walikuwa wameshachagua mgomba. Mama Masatu mwenyewe ndiye alitusimulia, amekaa kwenye kizingiti, anapepea nzi.

"Nikawaambia, nyie mna haraka ya nini? Mtoto wangu amevuka mto. Wakaniuliza, nani kasema? Nikawaambia, nendeni Bunda mkaone wenyewe. Mfu anatembeaga?"

"Hatembei, mama," alisema Magoti.

"Si ndiyo hapo. Wiki iliyopita alikuwa hapa," akanyoosha kidole bila kugusa, "leo yuko hapa."

Nilimwangalia Ticha. Ticha alikuwa anaangalia mikono yake. Siku ile nilipaswa kusema, mama, pini hiyo ni yangu, naisogeza mimi, redio haimjui Masatu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameshasimama, anajitwisha beseni, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kanisani, nikajiambia, je, nani anajua? Huenda kweli yuko hapo. Jeshi limefika hapo, na yeye ni askari. Huo ulikuwa uongo ambao bado una mlango wa kutokea. Sijitetei. Nataka tu kuutenganisha na uliofuata.

Barua ya jeshi ilikuja siku mbili baada ya Masaka kuchukuliwa. Kijijini hakukuwa na sanduku la posta, barua zote za upande ule zilipitia sanduku la shule, na Ticha alizoea kuzifungua na kuwasomea wasiojua kusoma. Hakuna aliyeona vibaya. Alikuja nayo kabla ya saa tisa, peke yake, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Magoti akafuata. Ticha akatusomea kwa sauti ndogo. Ilikuwa fupi. Masatu alikufa mpakani, Mutukula, mwezi wa kwanza, na amezikwa huko huko na wenzake. Nikahesabu. Siku aliyokufa, pini yake nilikuwa sijaitoa Kyaka. Safari yote ile, kutoka mtoni mpaka Masaka, nilimtembeza maiti.

"Kesho kutwa ni siku ya soko," nilisema. "Atakuja."

Ticha akakunja karatasi. "Binti, nisikilize. Nchi iko vitani. Wazazi wangapi hapa wana watoto huko? Tukianza vilio sasa hivi hapa hapa kwenye ramani, tunavunja watu moyo. Tusubiri Kampala. Kampala ikianguka, watu wana furaha, kilio kinabebeka."

"Na huyo mama naye," Magoti akasema, "mwache ale siku zake nzuri. Zinamdhuru nini?"

Nilikubali. Hakuna aliyenilazimisha, Ticha hakupaza sauti. Nilikubali kwa sababu niliogopa kumwambia mimi, na wao walikuwa wamenipa maneno makubwa ya kufunikia uoga. Siku ya soko Mama Masatu alikuja. Alileta ningu mkubwa, mbichi, macho bado yanang'aa, kwa sababu alikuwa amesikia barabarani kwamba Masaka imechukuliwa. "Huyu ni wa Masaka," alisema. Nikamparua magamba. Nikampika. Tukamla wote watatu, yeye akituangalia, kwa sababu kwao mwenye kutoa chakula cha shukrani haonji. Nimelifungua daftari mara nyingi kwenye ukurasa ule, nikitumaini kwamba safari hii nitakuta limeandika kitu kingine. Limeandika: *Ningu. Mtamu. Barua ya Masatu bado tunayo.* Kwa mpangilio huo.

Wiki zilizofuata nilimsogeza kila taarifa ilipotoa nafasi. Naona kinyaa kuandika hivi, lakini nilikuwa nimeanza kuifanya vizuri. Nilimwacha nyuma kidogo ya zile nyekundu, ili mama asiogope sana. Alipouliza kama anakula, nilisema wanakula. Mvua zilianza, akauliza kama ana koti, nikasema wamepewa. Ticha alikuwa anageukia dirishani wakati huo, Magoti alikuwa anaongezea, "Koti la kijani, Mama Masatu, zito, mvua haipiti!" Na mikono yetu inanuka samaki. Sabuni hakuna, unaosha na majani ya mpapai, harufu haitoki. Unalala nayo, unaamka unashona shati jeupe la mtu unaliachia harufu.

Kampala ilipoanguka barabara ilijaa. Magoti alichinja mbuzi, watu wakaingia chumbani kwangu mpaka cherehani likasukumwa ukutani, kila mtu anataka kuona pini. Mama Masatu hakuwa amekuja kuuza siku hiyo, alikuja mikono mitupu, amevaa gauni la kanisani. Watu wakampisha. "Mama wa askari! Mpisheni mama wa askari!" Nikaitoa ile ya kijani, nikaichoma Kampala, na yeye akapiga kigelegele, halafu akacheza. Na mguu wake ule mbovu akacheza mbele ya kitambaa changu, taratibu, mikono juu, mabega yanatetemeka kama wanavyocheza kwao, na watu wakampigia makofi. Ticha alipiga. Magoti alipiga. Mimi nilipiga. Nilimwangalia Ticha kama kumwuliza, Kampala si hii hapa? Akanijibu kwa kichwa: siyo leo.

Haikuwa kesho yake wala wiki iliyofuata. Kila siku ilikuwa na sababu. Nisiseme uongo, sababu nyingine nilizitafuta mimi.

Mwezi wa tano akaja askari mmoja, amerudi mapema kwa ajili ya jeraha la mguu, anataka nimshonee nguo. Sitamtaja, ana wajukuu. Nawajua pia waliorudi na majeraha yao tu, na wengine hawakurudi na chochote wala hawakurudi wenyewe, kwa hiyo nasema huyu mmoja. Alifungua furushi juu ya meza yangu, magauni matatu ya wanawake wa Kiganda, yale yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Hariri nzuri. "Dada fundi, haya nitolee sketi mbili na kigauni cha mtoto. Kitambaa kipo kingi." Nikalikunjua la kwanza. Kwapani lilikuwa na jasho lililokauka, na poda, harufu ya mwanamke mzima mwenye nyumba yake. La pili kifuani lilikuwa na alama mbili za maziwa. Kwenye ncha ya mshipi wa la tatu kulikuwa na fundo, nikalifungua nikidhani ni uchafu, ukadondoka ufunguo mdogo wa kufuli.

"Huu je?" nikamwuliza.

"Aa, tupa tu, dada. Mlango wenyewe haupo."

Magoti alikuwepo. Akacheka. Askari naye akacheka, siyo vibaya, kama mtu aliyechoka. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi. Ningependa kuandika kwamba nilimrudishia furushi lake. Nilimkatia. Sketi mbili na kigauni cha mtoto, nikamshonea vizuri. Lakini nilipomaliza nilitoka nje nikasimama kando ya mahindi ya jirani, na hapo nikajua kwamba siwezi tena kungoja Ticha achague siku. Nikaenda nyumbani kwake nikamwomba ile barua. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati alilovaa. Namwandikia hili kwa haki: alikuwa nayo mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo, na alisema, "Nilikuwa nasubiri mtu aniombe." Lakini hakusema tutakwenda wote.

Nilimkuta Mama Masatu kwao Guta, ufukweni, anageuza dagaa juu ya mchanga. Akafurahi kuniona, akataka kunipikia. Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza." Nikamsomea barua. Niliisoma yote, polepole, na siku na mahali, kisha nikamwambia ilifika lini. Nikamwambia pini niliisogeza mimi kwa mkono wangu, tangu mwanzo, na baada ya Masaka niliisogeza nikijua. Nikamaliza. Alikuwa ameshika dagaa kiganjani, hajawaachia.

"Barua hii ilikuja wakati wa Masaka?"

"Ndiyo, mama."

"Mlikuwa nayo siku niliyoleta yule ningu?"

"Tulikuwa nayo."

"Na mwalimu alijua? Na yule wa bucha?"

"Walijua. Tulijua wote."

Akafikiri. Nilijiandaa kwa mayowe, kwa kofi, nilikuwa nalitaka hata hilo kofi. Akanyanyua uso, na ulikuwa mpole, ndicho kitu nisichoweza kukizoea mpaka leo.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mimi nawajua nyie. Nimekaa mlangoni kwenu tangu mvua za kwanza. Nyie siyo watu wa kujua mtoto wangu amekufa, halafu mkala samaki wangu mkiniangalia, mkanipigia makofi nikicheza. Mtu wa hivyo sijamwona. Kwa hiyo hiyo karatasi imekosea. Masatu wako wengi huku."

"Mama, ni yeye. Jina la baba yake limeandikwa."

"Imekosea," akasema, akaendelea kugeuza dagaa.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, kwamba sisi ndio watu wa hivyo. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Baba mdogo mmoja alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, kando ya migomba, ananiangalia, anangoja nimalize. Nilimwonyesha barua, akaichukua, akasema hawawezi kulaza mgomba mama mtu akikataa, kwamba kilio lazima kianzie kwake. Nikarudi Bunda na lori la pamba.

Siku ya soko iliyofuata alikuja kama kawaida. Ticha na Magoti walikuwa hawajafika. Redio ilikuwa inasema majeshi yetu yamepita mbali kaskazini, miji ambayo mimi sikuishona, na pini nyekundu nilikuwa nimezichoma kwenye udongo wa ukuta, nje ya pindo. Ya kijani peke yake ilikuwa bado Kampala. Mama Masatu aliiangalia, akaangalia zile za ukutani, akashusha beseni. Chini ya samaki, kwenye mfuko wa nailoni usilowe, alikuwa amebeba yadi moja ya marekani, mpya, imekunjwa vizuri. Mwaka ule marekani ilikuwa haipatikani. Sijui aliitoa wapi, sikumwuliza.

"Wenzake wamekwenda mbele," alisema. "Yeye amekwama hapo kwa sababu nchi imeishia. Ongezea."

"Mama..."

"Ongezea, mwanangu."

Nilifumua pindo. Nikaunganisha kitambaa chake na changu, nikakanyaga cherehani, mshono wa kupindua mara mbili, ule wa suruali za kazi usiofumuka, na yeye akanishikia upande wa pili usiburuze chini. Nikamwuliza nichore mpaka wapi. Akasema nisichore, niache peupe tu, yeye mwenyewe atajua njia. Ticha alipoingia saa tisa na nusu alitukuta tunakitundika. Alisimama mlangoni. Mama Masatu akamsogezea kiti, akamwambia, "Karibu, mwalimu. Leo nimeleta sato."

Na Ticha akakaa.